Kilomita 521 kwa Dakika 50: Uchambuzi wa Kisa cha Safari ya Entebbe Hadi Mombasa Kupitia Nairobi

Kisa kinachochambuliwa hapa kilimpata mfanyabiashara mmoja wa magari yaliyotumika, mkazi wa Kampala mwenye asili ya Mombasa, ambaye Alhamisi moja alitakiwa kufika ofisini kwa wakala wake wa forodha mjini Mombasa kabla ya saa kumi na moja jioni ili atie saini karatasi ambazo hazikuweza kutiwa saini na mtu mwingine. Magari yake mawili yalikuwa yamekwisha kuteremshwa bandarini, na muda wa kuyahifadhi bila malipo ulikuwa unaisha siku hiyo hiyo. Kuanzia kesho yake kila siku ingekuwa na tozo yake.

Tiketi alikatiwa na mpwa wake, kijana mwepesi wa simu na kompyuta, ambaye hakupata ndege ya moja kwa moja siku hiyo, akaamua kuigawa safari vipande viwili: Entebbe hadi Nairobi kwa kampuni moja, kisha Nairobi hadi Mombasa kwa kampuni nyingine, tiketi mbili zisizohusiana. Kwa njia hiyo nauli ilishuka. Ndege ya kwanza ilipangwa kuondoka Entebbe saa 4:35 asubuhi, na ya pili kuondoka Nairobi saa 7:10 mchana. (Saa zote katika maelezo haya ni za Kiswahili, tiketi zenyewe, kama ilivyo desturi ya usafiri wa anga, ziliandikwa 10:35 na 13:10.) Ujumbe wa sauti alioutuma kijana ulisema: “Mjomba, usiwe na wasiwasi, Entebbe na Nairobi ni dakika hamsini tu, utafika hata chai ya asubuhi haijashuka tumboni.” Mjomba akachukua bahasha ya kaki iliyokuwa na hati za shehena, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino: 4:35, 5:25, 7:10. Kwa hesabu hiyo alikuwa na saa moja na dakika 45 za kubadilisha ndege, na mtu yeyote angeona kwamba muda huo unatosha na kubaki.

Hakuiwahi ndege ya pili. Alifika kwenye kaunta ya safari za ndani jijini Nairobi saa 7:04, dakika sita kabla ya ndege kuondoka, akaambiwa kwamba kaunta ilifungwa tangu saa 6:30. Wa kwanza kulaumiwa alikuwa ndege ya Entebbe, kwa kuwa kweli ilichelewa kuondoka, na wa pili alikuwa kile kikokotoo cha mtandaoni ambacho kijana alikitumia kupata dakika 50. Ninaona kwamba lawama zote mbili zimeelekezwa pasipo. Kikokotoo kilisema kweli, ndege iliruka kwa muda uleule ulioandikwa kwenye ratiba, na bado mtu alikosa safari.

Tuanze na umbali, kwa sababu ndio msingi wa kila kinachofuata. Uwanja wa Entebbe uko karibu kabisa na Ikweta, takriban nyuzi 0.04 kaskazini na nyuzi 32.44 mashariki. Uwanja wa Jomo Kenyatta wa Nairobi uko nyuzi 1.32 kusini na nyuzi 36.93 mashariki. Tofauti ya kaskazini na kusini ni nyuzi 1.36, na tofauti ya mashariki na magharibi ni nyuzi 4.48 na ushei. Uzi mmoja ni kama kilomita 111.2, kwa hiyo tofauti ya kwanza ni kilomita 151 na ya pili ni kilomita 498. Ukizichukua hizo mbili kuwa pande za pembetatu yenye pembe mraba, upande wa tatu unakuja kilomita 520 na kitu, na vikokotoo, ambavyo huhesabu kwa kuzingatia uduara wa dunia, hutoa 521. Hesabu ya shule ya msingi inakaribia hivyo kwa sababu tu tuko kwenye Ikweta, ambapo mistari ya longitudo haijaanza kusogeleana kwa kiasi cha kuhisiwa. Anayetaka kupima Entebbe na London kwa njia hiyo atapotea vibaya. Huko umbali ni takriban kilomita 6,500 na njia iliyo fupi ni tao, wala si mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani.

Basi 521 ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Mstari huo hutoka Entebbe na kuingia ziwani mara moja, ukapita juu ya maji ya Victoria kwa zaidi ya kilomita 150, ukakata karibu na kisiwa cha Mfangano, ukaingia nchi kavu maeneo ya Homa Bay, ukapita Kisii, ukaiacha Bomet kando kidogo, ukapita jirani na Narok, kisha ukashuka Bonde la Ufa na kupanda tena kuelekea Nairobi. Barabara, ambayo haina budi kulizunguka ziwa kwa kaskazini na kupitia mpakani Busia au Malaba, ina takriban kilomita 650 kutoka Kampala hadi Nairobi, na basi huzimaliza kwa saa kumi na mbili au zaidi kutegemea foleni ya mpakani na ya malori. Kwa mtu aliyezoea basi hilo, kuambiwa dakika 50 ni kama kuambiwa safari haipo kabisa. Nadhani hapo ndipo umakini wa kijana ulipolegea: namba ilikuwa ndogo mno hata hakuona haja ya kuuliza inapima nini.

Vikokotoo vingi vya mtandaoni hupata muda kwa kugawanya umbali kwa mwendokasi mmoja wa kudumu. Ukigawanya kilomita 521 kwa 850 kwa saa unapata dakika 37. Vingine huongeza nusu saa nzima kwa ajili ya kupaa, kutua na kutembea chini, vikapata dakika 67. Vingine hutumia mwendokasi mdogo zaidi au huongeza kiasi kidogo, vikaja kati ya dakika 45 na 55. Kwa hiyo mtu mmoja anayetafuta safari moja anaweza kukutana na majibu matatu, na yote yakawa sahihi kwa kile yanachokipima. Kikokotoo alichokitumia kijana kilikuwa cha kundi la mwisho, na dakika 50 ni makadirio yasiyo mabaya ya muda ambao ndege ya jeti hukaa hewani kati ya viwanja hivi viwili siku ambayo mambo yananyooka.

Hata hivyo ndege haitembei kilomita 850 kwa saa tangu magurudumu yanapoacha lami. Tukichukua jeti ndogo za aina zinazotumika sana kwenye njia hii, kama CRJ900 zenye viti 76 ambazo Uganda Airlines ilianza nazo safari zake mpya Agosti 2019, kwa Nairobi kuwa kituo chake cha kwanza, au Embraer 190 za Kenya Airways, safari yote ni kama kilima: unapanda, unakaa juu kidogo, unashuka. Chini ya futi 10,000 mwendo kwa kawaida huzuiwa kwenye noti 250, yaani kama kilomita 460 kwa saa. Kupanda hadi futi 29,000 au 31,000, ambazo ni ngazi za wanaoelekea mashariki (wanaoelekea magharibi hupewa ngazi shufwa, 28,000 au 30,000, ili wapishane kwa wima), huchukua robo saa hivi. Kushuka nako kuna kanuni yake nyepesi ambayo marubani huitumia kichwani: maili tatu za baharini kwa kila futi elfu moja. Uwanja wa Nairobi uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayetoka futi 31,000 ana kama futi 25,700 za kuteremka, ambazo ni maili 77 za baharini, karibu kilomita 143, bila kuhesabu umbali wa kupunguzia mwendo. Ukitoa sehemu ya kupanda na sehemu ya kushuka, mwendo kamili wa safarini unapatikana kwa kilomita 200 hivi za katikati tu. Ndiyo maana njia fupi kama hii wastani wake hauwi 850 hata siku moja. Ukigawanya 521 kwa dakika 56 ambazo ndege ya siku ile ilikaa hewani, unapata kilomita 558 kwa saa.

Tena 521 yenyewe haifuatwi kwa ukamilifu. Entebbe njia kuu ya kurukia, yenye urefu wa mita 3,658, imelala karibu kaskazini na kusini, na Nairobi iko mashariki, kwa hiyo upepo wa saa hiyo ndio unaoamua kama ndege itaanza kwa kutazama ziwani au kwa kutazama bara kabla ya kugeuka. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Nairobi ndege hutua zaidi zikitazama mashariki-kaskazini, jambo linalomfaa anayetoka Uganda kwa sababu anakuja kutoka upande wa magharibi, na halimfai anayerudi, maana huyo huruka kwa kuipa mgongo safari yake kabla ya kuzunguka. Kwa upande mwingine pepo za juu karibu na Ikweta huvuma kutoka mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, zikampunguzia mwendo anayekwenda Nairobi na kumsukuma anayerudi Entebbe. Hazina nguvu kama zile za Ulaya au Atlantiki, na kwenye safari fupi tofauti yake ni dakika chache tu, ila zipo. Juu ya hayo kuna mawingu ya radi. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na radi zake hukusanyika juu ya maji usiku hadi alfajiri, wakati nchi kavu zinazolizunguka hupata zao alasiri. Ndege ya saa kumi na moja alfajiri inaweza kulazimika kupinda njia kuyakwepa mawingu hayo. Ya saa nne na nusu asubuhi, kama ya mfanyabiashara wetu, kwa kawaida hukuta ziwa limetulia. Siku ya kisa hapakuwa na radi yoyote.

Sasa tufike kwenye ratiba. Tiketi ya kijana ilikuwa na mstari mmoja uliosomeka wazi: kuondoka 10:35, kufika 11:50. Hiyo ni saa moja na robo, yaani kufika saa 5:50, na kwa hakika kijana aliuona. Aliuacha kwa sababu aliamini kwamba kampuni za ndege huongeza muda kwenye ratiba ili zisionekane zimechelewa. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa sababu kampuni huacha nafasi kidogo ya dharura, lakini sehemu kubwa ya dakika 25 zilizozidi haikuongezwa kwa hila. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho yake hadi inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, kutembea polepole hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja ruhusa ya mnara, kisha, baada ya kutua, kutembea tena hadi mahali pa kuegesha. Kikokotoo hakina habari na hayo. Kinapima hewa, ratiba inapima kutoka breki hadi breki.

Yaliyotokea siku ile yanaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo. Ndege iliyokuwa ije kutoka Nairobi ichukue abiria wa Entebbe ilichelewa kufika, kwa hiyo badala ya kuondoka saa 4:35 iliachia maegesho saa 4:58. Iliruka saa 5:09, ikatua saa 6:05, ikasimama saa 6:13. Hewani ilikaa dakika 56, na kutoka maegesho hadi maegesho ilichukua saa moja na dakika 15, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye tiketi. Kuchelewa kote kulikuwa kwa dakika 23 za mwanzoni, ambako ndege za njia fupi hupatikana nako mara kwa mara kwa kuwa ndege moja hufanya mizunguko kadhaa kwa siku na kila kuchelewa kwa asubuhi hurithiwa na mzunguko unaofuata.

Baada ya ndege kusimama ndipo safari ya miguu ilipoanza. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili, mfanyabiashara hakuwa abiria wa kupita. Kwa macho ya uwanja alikuwa mtu aliyemaliza safari yake Nairobi. Ilimbidi apite uhamiaji, ambako raia wa Uganda halipi viza na anaweza hata kutumia kitambulisho cha taifa, lakini foleni ni foleni kwa mwenye pasipoti na asiye nayo. Alimaliza hapo saa 6:31. Kisha akasimama kwenye ukanda wa mizigo akingojea sanduku lake, ambalo ndani yake, pamoja na nguo, kulikuwa na vioo viwili vya pembeni vya gari alivyokuwa anampelekea jamaa yake Mombasa, na ambavyo ndivyo vilivyomfanya asiweze kusafiri na begi la mkononi peke yake. Sanduku lilitokea saa 6:49. Forodha ikamwachia saa 6:55, naye akatoka nje, akafuata vibao hadi jengo la safari za ndani, akafika kaunta saa 7:04. Mhudumu, kwa upole, alimgeuzia skrini ili ajionee mwenyewe: jina lake lilikuwepo, na mbele ya jina pameandikwa kwamba hakufika. Alipoitoa ile bahasha na kumwonyesha 7:10, mhudumu alimjibu, “Hiyo ni saa ya ndege kuondoka, mzee wangu. Sisi tunafunga dakika arobaini kabla.”

Ukiziweka hesabu mbili sambamba, kisa chote kinaonekana. Kwenye bahasha kulikuwa na dakika 105 kati ya kufika na kuondoka. Dakika 25 kati ya hizo hazikuwepo tangu mwanzo, kwa sababu kufika kwa ratiba kulikuwa saa 5:50 na si 5:25. Dakika 40 nyingine hazikuwa zake, kwa sababu mwisho wake halisi ulikuwa kufungwa kwa kaunta saa 6:30 na si kuondoka kwa ndege. Kilichobaki ni dakika 40, na hizo ndizo alizopaswa kutumia kwa uhamiaji, sanduku, forodha na kutembea kutoka jengo moja hadi jingine, shughuli ambazo siku ile zilimchukua dakika 51 tangu ndege ilipoegesha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na familia, ambayo mpaka leo husema kwamba kama si kuchelewa kwa ndege mzee angefika. Tuondoe dakika 23 za kuchelewa na tuyaache mengine yote kama yalivyokuwa: ndege inasimama saa 5:50, dakika 51 baadaye anafika kaunta saa 6:41, na kaunta imefungwa kwa dakika 11. Mpango ulikuwa umeshindwa usiku ule ulipotengenezwa, hata kama ndege ingekuja kwa wakati. Kuchelewa kulibadilisha kiasi tu cha kukosa, kutoka dakika 11 hadi 34.

Kuna hali mbili ambazo zingeweza kuuokoa mpango huo huo. Ya kwanza ni kusafiri bila sanduku la kupimwa. Asingengoja dakika 18 kwenye ukanda, na katika siku ambayo ndege imewahi angefika kaunta saa 6:23 au kabla, akiwa na dakika saba mkononi. Katika siku ya kisa, pamoja na kuchelewa kwake, angefika saa 6:46, naye kama angekuwa ameshajiandikisha kwa simu na kupata pasi yake ya kupandia, asingehitaji kaunta kabisa bali kuupita ukaguzi wa usalama na kukimbilia mlangoni kabla haujafungwa. Hiyo ni bahati nasibu, lakini ni bahati nasibu yenye tiketi. Hali ya pili ni tiketi moja kwa safari nzima. Kampuni inayouza safari ya Entebbe hadi Mombasa kwa tiketi moja hulazimika kuheshimu muda wa chini uliowekwa wa kubadilisha ndege katika uwanja wa Nairobi, kwa hiyo mfumo wake usingekubali hata kuonyesha muunganiko ambao hauwezekani. Na kama ndege ya kwanza ingechelewa na kumkosesha ya pili, kumtafutia nafasi katika ndege inayofuata lingekuwa jukumu la kampuni. Mwenye tiketi mbili hana dai hilo. Kampuni ya kwanza ilimfikisha Nairobi kama ilivyoahidi, ya pili ilimsubiri hadi saa iliyotangaza, na pengo lililo katikati ni mali yake yeye abiria. Wengi wanaokata tiketi kwa simu hudhani kwamba nauli inayopungua ni punguzo. Mara nyingi ni bei ya kulibeba pengo hilo wenyewe.

Inafaa kutaja hapa jambo ambalo halikutokea ila hutokea kwa wasafiri wengine wa njia hii: Nairobi ina uwanja wa pili, Wilson, ambao ndege ndogo za ndani huutumia, zikiwemo za kwenda Ukunda kusini ya Mombasa. Mtu akikata tiketi ya pili bila kusoma jina la uwanja, atajikuta na mji mzima wa kuvuka kwa teksi, na hakuna kikokotoo cha ndege kitakachomhesabia foleni ya Mombasa Road.

Saa za kanda hazikuhusika na kosa hili, kwa sababu Kampala, Nairobi na Mombasa hufuata saa moja, tatu mbele ya Greenwich. Ingekuwa ni Kigali, ambayo iko kilomita 340 tu kutoka Entebbe lakini iko nyuma kwa saa moja, ratiba ingeonyesha ndege inaondoka na kufika karibu saa ileile, na kusoma tiketi kungehitaji uangalifu wa aina nyingine.

Turudi kwenye uamuzi wa kupitia Nairobi, ambao familia ililaumu pia, kwa hoja kwamba ulirefusha safari. Kwa umbali hoja hiyo haina uzito. Entebbe hadi Mombasa kwa mstari mmoja ni takriban kilomita 915. Entebbe hadi Nairobi ni 521, na Nairobi hadi Mombasa ni kama 423, jumla 944. Kupinda Nairobi kunaongeza kilomita 29 peke yake, ambazo kwa mwendo wa safarini ndege huzimaliza kwa dakika mbili. Barabara yenyewe, Mombasa hadi Kampala, ina takriban kilomita 1,170. Kwenye ramani, basi, Nairobi iko njiani. Kilichorefusha safari ni kugusa chini: kila kituo huongeza kushuka kumoja na kupaa kumoja, maegesho mawili, foleni, na muda wa akiba unaopaswa kuwekwa kati ya ndege na ndege. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi ambapo Entebbe ilikuwa kituo kikubwa cha njia ndefu. Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la Uingereza la BOAC, katika safari ya kwanza ya kibiashara ya jeti ya abiria duniani, ilitoka London kwenda Johannesburg kwa kutua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima ikachukua karibu saa 24. Mwendo wa jeti ulikuwa umeshapatikana wakati huo. Vituo ndivyo vilivyoshikilia saa.

Saa 7:04 mchana mfanyabiashara alikuwa na njia tatu. Treni ya SGR huondoka Nairobi alasiri kutoka Syokimau, kilomita chache tu kutoka uwanjani, na huteleza kilomita 472 hadi Mombasa kwa muda wa saa tano hivi. Ingemfikisha usiku, na nafasi zilikuwa zimejaa. Basi lingemfikisha usiku zaidi. Akanunua tiketi mpya ya ndege ya saa 10:40 jioni, kwa bei ya siku hiyo hiyo, ambayo ilimeza akiba yote ya kugawa tiketi na kuzidi. Alitua Mombasa saa 11:45, akamkuta wakala amekwisha kufunga ofisi, akatia saini kesho yake Ijumaa asubuhi kabla ya swala, na kwa kuwa kazi za bandarini hazikumalizika siku hiyo, akalipia uhifadhi wa magari hadi yalipotoka wiki iliyofuata.

Ndege hiyo ya saa 10:40 ilikuwepo kwenye orodha usiku ule kijana alipokata tiketi, kwa nauli ileile kama ya saa 7:10. Lakini kwa jukumu lililokuwa mbele yake hata hiyo isingefaa, kwa sababu saini ilihitajika kabla ya saa kumi na moja. Mpango uliofaa ulikuwa wa aina moja tu kati ya mbili: ndege ya alfajiri kutoka Entebbe, ya nauli kubwa zaidi, ambayo ingemweka Nairobi mapema asubuhi na kumwachia zaidi ya saa tatu kabla ya kaunta ya saa 6:30 kufungwa, au kuondoka Jumatano. Mjomba, alipoelezwa hesabu hizi baadaye na mtu wa ofisi ya tiketi ya Kampala, aliuliza swali moja: kwa safari ijayo akate kwa saa ipi iliyoandikwa. Alijibiwa achukue saa ya kufika iliyo kwenye tiketi ya kwanza, aongeze dakika 90 kama ana sanduku, kisha atafute ndege ya pili ambayo kaunta yake, wala si ndege yenyewe, inafungwa baada ya hapo.